Mtoto Mtundu Kwenye Kiti Mwendo

Nyumbani kwetu Tanga kulikuwa na sheria ambayo hakuna aliyeitangaza: kwenye vichekesho vya televisheni akitokea mtu anaigiza kilema, aliye karibu na rimoti anahamisha chaneli. Hatukuwa watu wa kukasirika ovyo. Tulichoka tu. Mtu mwenye afya yake anapinda mkono, anatoa ulimi nje, anaburuta mguu, anaongea kwa puani, kicheko cha kurekodiwa kinapigwa, basi. Ukimtoa yule kilema kwenye kisa, kisa kinakwenda vilevile. Sisi wengine tulikuwa tunanuna. Kaka yangu, ambaye mkono wake umepinda kweli, aliyatazama maigizo yale kama fundi anavyotazama ukuta uliojengwa na fundi mwingine. Malalamiko yake yalikuwa ya kitaalamu: "Mkono aliokunja ndio huo aliopokelea sahani."

Alisema hivyo kwa ubao. Kaka ana mtindio wa ubongo. Mama alishikwa na uchungu muda mrefu mno, mtoto akatoka bila kulia, na tangu hapo miguu, mikono na ulimi havimtii. Kichwani yuko timamu, tena kuliko inavyohitajika. Baba alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, kwa hiyo alipotaka kumtafutia mtoto wake njia ya kusema hakuanza na herufi mojamoja. Alichukua kipande cha plaiwudi akaandika silabi kama alivyoziandika darasani: ba be bi bo bu, cha che chi cho chu, mpaka mwisho. Pembeni akaweka maneno ya haraka: ndiyo, sitaki, maji, msalani, Yanga. Baba ni Simba damu, na hilo la mwisho aliliandika kwa shingo upande baada ya mwanawe kugoma kula. Kaka anagusa kwa kifundo cha ngumi ya kushoto. "Soda" ni miguso miwili. "Mbona" ni mitatu, maana nafasi haikutosha kuweka mba na nda zote, ikabidi M ipewe kisanduku chake peke yake. Ngumi inakwenda taratibu, inayumba, inarudi, na asiyemzoea huwa anammalizia sentensi. Ukimmalizia, anaanza upya tangu neno la kwanza. Adhabu yako hiyo.

Basi binamu yetu mmoja alipoleta flashi yenye vichekesho vya Kimarekani, akasema "humo kuna mmoja kama Kaka", mimi nilianza kutafuta rimoti kabla hata picha haijatokea.

Tamthilia yenyewe inaitwa Speechless. Ilirushwa na ABC ya Marekani kuanzia Septemba 2016 hadi Aprili 2019, misimu mitatu, vipindi 63, kisha ikafutwa. Inahusu familia ya DiMeo. Mama, Maya, ni Mwingereza mwenye mdomo, anaigizwa na Minnie Driver. Baba, Jimmy, ni mpole ambaye hakuna kinachomshangaza tena duniani. Watoto ni watatu: JJ wa kwanza, ambaye ana mtindio wa ubongo, hasemi, yuko kwenye kiti mwendo, Ray wa katikati, mwoga, anayependa mambo yaende kwa utaratibu katika nyumba isiyo na utaratibu, na Dylan, binti wa mwisho, mkimbiaji, mkorofi. JJ anavaa miwani, na kichwani ana kifaa kinachotoa mwanga wa leza anaouelekeza kwenye ubao wa herufi na maneno. Mtu wa pembeni anasoma kwa sauti.

Ubao! Kaka alipouona aliruka kwenye kiti mpaka breki ikalegea.

Mtunzi wake, Scott Silveri, alikuwa mmoja wa waandishi wa vichekesho vya Friends, na amekua na ndugu mwenye mtindio wa ubongo. Ukiitazama unajua. Kuna vitu mtu havipati kwa kuuliza wataalamu: namna watu wa nyumba hiyo wanavyosukuma kiti huku wanagombana jambo jingine kabisa, namna wanavyomtania JJ bila kupunguza makali, namna hakuna anayeinama na kumsemesha kwa sauti ya kubembeleza mtoto mchanga. Walioleta sauti hiyo ni watu wa nje.

Nilikuwa natafsiri huku tunatazama, kwa sababu ya mama. Kaka Kiingereza anakipata kwa kiasi chake. Mpira wa Uingereza umemfundisha. Mama hataki hata neno moja limpite. Kwenye kipindi cha kwanza familia inahamia nyumba iliyochakaa kuliko zote katika eneo la wenye pesa, Newport Beach kule California, kusudi JJ apate shule yenye mtu wa kumsemea. Maya anafika shuleni, anagundua kwamba njia ya kiti mwendo ndiyo hiyohiyo inayopitishiwa takataka. Moto ukawaka. Anamjia juu mwalimu mkuu, anamjia juu mtunza bustani, anamjia juu kila anayepumua.

Mama akatikisa kichwa. "Huyu mwanamke ana kelele. Si angezungumza nao taratibu tu?"

Sote tuligeuka tukamtazama. Huyu ni mama ambaye, kaka alipofikia umri wa kuanza shule, mwalimu mkuu mmoja alimwambia hapa hatuna nafasi, mpelekeni wanakopelekwa wenzake. Mama alisema ahsante. Kesho yake akaenda na mkeka, chupa ya chai, vikombe na mtoto wake, akatandika nje ya mlango wa ofisi ya mwalimu mkuu, akakaa. Kila mgeni aliyefika alikaribishwa chai. Wazazi walikaribishwa, mratibu elimu wa kata alikaribishwa, mtu wa chaki alikaribishwa. Wote waliuliza, mama unangoja nini hapa? Naye akawaeleza wote kwa upole, tangu mwanzo, tangu ule uchungu wa kuzaa. Aliendelea hivyo asubuhi baada ya asubuhi mpaka nafasi ikapatikana, na dawati likakatwa mguu mmoja ili kiti kiingie. Hakupaza sauti hata mara moja. Ndiyo maana alimwona Maya hana adabu, na bado ninaamini kwamba yule mwalimu mkuu angechagua kelele kuliko ile chai.

Kinachonifanya niiheshimu Speechless ni kwamba Maya hajafanywa shujaa. Ni mama anayependa na anayechosha. Anawakanyaga watu waliokuwa tayari kumsaidia. Kuna wakati anapigana vita ambavyo JJ mwenyewe hakuvitaka, na JJ anamwambia hivyo. Watu wengi wakimwonyesha mama wa mtoto mwenye ulemavu kwenye televisheni wanamvika kanga ya huzuni na kumkalisha kwenye mwanga wa dirisha. Huyu wa Speechless anaendesha gari vibaya, nyumba yake chafu, na hajali.

Halafu kuna Ray. Jamani, Ray. Mimi ni mtoto wa pili. Najua kila mshipa wa uso wa yule kijana pale mambo ya nyumba nzima yanapopangwa kwa kumwangalia kaka yake kwanza, naye hawezi kulalamika bila kuonekana ana roho mbaya. Nilipokuwa darasa la sita shule yetu ilipanga safari ya Mapango ya Amboni. Yapo hapo tu, si mbali na mji, lakini kwa mtoto ilikuwa kama kwenda Ulaya. Wiki ile pedali ya kiti cha kaka ikakatika, na pesa ya safari ikaenda kwa fundi wa kuchomelea mageti. Akaiunga na nondo ya geti, nzito, halafu kwa nia njema akaipaka rangi ya kijani iliyobaki kwenye geti la mtu. Kaka alitembea mjini na mguu mmoja wa kijani miaka mingi. Mimi nilinuna siku nzima. Jioni kaka akaomba ubao, nikadhani anataka kuniomba radhi. Akagusa: "Kule kuna popo tu." Kisha akacheka, yule mshenzi.

Nimeandika mshenzi kwa makusudi, na yeye atakaposomewa hapa atafurahi. Kwenye runinga watu wa aina yake hupewa kazi mbili tu: kuchekwa, au kuwa malaika. Malaika anakaa kwenye kiti, anatabasamu, wengine wanajifunza kushukuru Mungu kwa miguu yao. Stella Young, mchekeshaji na mwandishi wa Australia aliyekuwa akitumia kiti mwendo, alilieleza hilo kwenye hotuba yake ya Sydney mwaka 2014, miezi kadhaa kabla hajafariki: kwamba amechoka kupongezwa kwa kuamka tu asubuhi na kukumbuka jina lake. Alikuwa mchekeshaji, na hasira ile aliitoa kwa utani, watu wakacheka huku wanajikagua.

Speechless wanalifanya jambo hilohilo mapema kabisa. JJ anaingizwa darasani kwa mara ya kwanza. Hajasema kitu, hajafanya kitu, hawamjui. Darasa zima linasimama na kumpigia makofi. Mmoja anampendekeza awe kiongozi wa wanafunzi. JJ anawatazama kama mtu aliyeingia msikiti usio wake. Hapo kaka alicheka mpaka tukamwinua mgongo ili apumue.

Alicheka kwa sababu na yeye ana watu wake. Kituo cha mabasi, tunangoja gari, alikuja mtumishi wa Mungu mmoja, mhubiri, amevaa suti, hakutusalimu, akaweka mkono juu ya kichwa cha kaka na kuanza kukemea pepo. Watu wakajaa. Sisi ni Waislamu, lakini katika hali ile unamwambia nani? Mama akasimama tu na mkoba wake, adabu imemfunga mdomo. Kaka akawa anagusa ubao, pole pole, mtumishi akadhani muujiza umeanza, akazidisha sauti. Mkono unasogea! Watu wakaitikia amina. Alipomaliza, jasho linamtoka, akaniuliza kwa unyenyekevu kijana amesema nini. Nikasoma kama ilivyo: "Mwambie aombee na nauli."

Wengine walicheka, wengine walikasirika. Mtumishi, nimpe haki yake, alitoa nauli.

Siku nyingine, Kariakoo, mama mmoja alipita akaweka noti ya mia tano kwenye mapaja ya kaka bila kusimama. Mimi uso ulinichoma, nikataka kumkimbilia nimrudishie. Kaka akaikunja ndani ya ngumi yake, na ngumi ya kaka ikishajifunga hata daktari haifungui. Akagusa kwa kiwiko, so, halafu da. Sasa mtunzi gani wa vichekesho vyetu amewahi kumwandikia kilema mstari kama huo? Omba omba tunaye kwenye kila kipindi. Anayenyoosha kopo tunaye. Asiyeomba, akapewa, akaona hakuna sababu ya kuirudisha, huyo hatunaye.

Nimegusia msikiti, niseme na la msiba. Mwili wa kaka una tabia ya kucheka mahali pa kimya. Wanaowajua watu wenye mtindio wa ubongo watanielewa, kishindo kidogo tu mwili mzima unaruka. Tulikuwa kwenye khitma ya mzee wa jirani. Dua imefika mahali pazito, watu wameinamisha vichwa, sheikh ametua kidogo, na nje mbuzi wa pilau akalia. Meee. Sawasawa na mahali pa amina. Kicheko cha kaka huanzia mabegani. Mabega yakatikisika, kiti kikaanza kulia kwii kwii, nikamwona anajitahidi, ameng'ata mdomo, haikusaidia. Ikamtoka. Mjomba aliyekaa nyuma yake naye akashikwa. Halafu mtoto wa marehemu. Mama akatoa jicho ambalo lingeweza kukausha nguo. Na wale bibi wa pembeni, kwa huruma kabisa, wakanong'onezana: maskini, hajui.

Alijua vizuri sana. Baadaye mjomba alipigwa maneno na wakubwa mpaka akaomba msamaha wa hadhara. Kaka alipewa sahani ya pilau yenye nyama mbili. Mambo haya ndiyo vichekesho vyenyewe, na huyapati ukimfanya mtu mwenye ulemavu kuwa kitu cha kuchekwa, wala ukimfanya malaika. Inabidi awe mtu anayejua watu wanamdhania nini, na anajua kuitumia dhana hiyo. JJ yuko hivyo. Anampenda msichana na hawezi kulala. Anamdanganya mama yake. Anamchokoza Ray mahali panapouma. Ana wivu.

Jambo lililomfanya kaka aombe turudishe nyuma, si mara moja, ni la sauti. Mtu wa kwanza anayepewa JJ kumsemea shuleni ni mwanamke mwenye sauti tamu, ya kupanda na kushuka, kama anasimulia hadithi chekechea. Kila anachotaka kusema JJ, hata tusi, kinatoka na sukari juu. JJ anamkataa. Anamtaka Kenneth, mtunza bustani wa shule, mwanamume mweusi mwenye sauti nzito, anayeigizwa na Cedric Yarbrough. Waandishi wanajua wamegusa nini hapo, mwanamume mweusi kuwa sauti ya kijana wa Kizungu, na wanautania mpangilio huo wazi bila kujificha.

Kaka akanitazama. Kisha akagusa ubao kwa muda mrefu, nami sikummalizia.

"Mimi nimetongoza kwa sauti yako."

Ni kweli tupu. Miaka hiyo kulikuwa na binti wa mtaa wa nyuma aliyekuwa analeta vitumbua asubuhi. Kaka alianza kwa adabu: umependeza. Nikasoma. Kesho yake: vitumbua vyako vitamu. Nikasoma. Siku ya tatu au ya nne akaandika sentensi ambayo mdomo wangu ulikataa, maana nilikuwa na miaka kumi na minne na binti yule alinisuka nywele. Nikasema, "Anakushukuru." Ngumi ilitua kwenye plaiwudi mpaka vitumbua vikaruka. Binti akaangalia ubao, akaangalia mimi, akasema, "Hebu soma alichosema." Nikasoma, macho chini. Akacheka, akaongeza kitumbua kimoja, na baadaye sana akaolewa Korogwe na mtu mwingine. Kaka aliuchukua msiba huo kiume.

Nilimuuliza kama angeweza kuchagua, angetaka sauti ya nani. Akajibu ya mtangazaji wa mpira redioni. Hebu fikiria mtu anaomba chumvi mezani kwa sauti ile.

Sasa niseme kuhusu waigizaji, maana hapa watu hugawanyika. Micah Fowler, aliyeigiza JJ, ana mtindio wa ubongo kweli. Tofauti ni kwamba yeye anaongea. Ilibidi aigize kutoongea. Kwenye Glee, tamthilia ya Kimarekani iliyoanza 2009, kijana wa kiti mwendo, Artie, aliigizwa na Kevin McHale, anayetembea bila shida, na katika kipindi kimoja Artie anaota yuko wima anacheza dansi ndani ya duka kubwa. Wengi waliipenda ndoto ile. Mimi ilinikera, kwa kuwa ndoto za kaka nazijua, huwa ananisimulia, na katika ndoto zake yuko kwenye kiti kilekile, ila kinapaa. Hata hivyo Marekani hawakuanza jana: mwaka 1980 Geri Jewell, mchekeshaji mwenye mtindio wa ubongo, alikuwa tayari anatokea kwenye vichekesho vya The Facts of Life, anajitania mwenyewe mbele ya taifa zima. Katikati hapo wakasahau.

Waingereza nao wana There She Goes ya BBC, iliyoanza 2018, ya David Tennant na Jessica Hynes. Shaun Pye aliiandika kutokana na maisha yake na binti yake mwenye ulemavu mkubwa wa akili unaotokana na kasoro ya kromosomu. Binti pale anaigizwa na mtoto asiye na ulemavu, na lawama zilikuja. Mimi hapo ninasita. Kaka anaweza kukaa mbele ya kamera akaelewa kila kitu, akadai na posho. Mtoto asiyeelewa kwamba anaigiza, kumweka chini ya taa tangu asubuhi hadi usiku ni jambo jingine. Kilichonishika kwenye tamthilia ile ni baba: anakunywa, anakimbilia utani mchungu kila mambo yanapomzidi, na mkewe anabeba. Ni vichekesho ambavyo unacheka huku unataka kumzaba kofi. Jessica Hynes alipata BAFTA ya 2019, tuzo kubwa ya Uingereza, kwa kazi hiyo, na ilikuwa haki yake.

Mimi naangalia zaidi chumba cha waandishi. Speechless walimchukua Eva Sweeney, mwanamke mwenye mtindio wa ubongo anayezungumza kwa ubao na leza, awe mshauri. Baadaye Zach Anner, mchekeshaji mwenye hali hiyohiyo, akawa mwandishi wao. Utani unaochoma mahali sahihi mara nyingi unatoka kwa watu wa namna hiyo. Mtu mwenye huruma peke yake asingeuthubutu.

Lakini si kila kitu pale kilitufikia. Wale wanajiita hawana kitu, halafu kila mtoto ana kitanda na gari lina mlango wa kupandishia kiti. Mgongo wa mama haumo. Kumbeba kijana aliyekuzidi uzito kutoka kitandani mpaka msalani, usiku, umeme umekatika, haumo. Baba alipoanza kuzeeka tukaanza kuhesabu wajomba: nani yuko karibu, nani ana kifua. Dakika ishirini za kipindi haziwezi kubeba kila kitu, sawa, ila mama alitazama misimu yote mitatu akaniuliza swali moja tu: "Huyu mtoto anaogeshwa na nani?"

Na sisi tunakwama wapi? Vichekesho vya familia si kitu kigeni kwetu. Kenya walikuwa na Vitimbi ya KBC, Mzee Ojwang na Mama Kayai wanazozana miaka na miaka, na mtu wa Tanga hahitaji kuelezwa King Majuto alikuwa nani. Alipofariki Agosti 2018 mji wetu ulinyamaza. Mzee mchoyo, mke mkali, mtoto mvivu, mpangaji asiyelipa kodi: tunawajua hawa, tunawacheka kwa kuwa wamo ndani mwetu. Kilema wa vichekesho vyetu hana nyumba. Anatokea barabarani, anachekesha, anaondoka. Hana mama wa kumtolea jicho. Hana mdogo wake aliyekosa safari. Hakuna anayemwekea chakula. Sasa mchukue mzee mchoyo wa aina ya Majuto, mpe mwana aliye kwenye kiti mwendo ambaye anajua pesa imefichwa wapi na hawezi kusema bila ubao, na ubao ameufungia kabatini mzee mwenyewe. Nimekupa msimu mzima hapo, bure.

Wazo hilo si langu, ni la kaka. Siku hizi anaandika. Mpwa wetu alimwekea ubao wake kwenye simu, silabi zilezile za baba, sasa ngumi inagusa kioo na maneno yanakaa. Ameandika visa vifupi vya kurekodi kwa simu uani, na cha kwanza ni kile cha mtumishi wa kituoni. Binamu aliyeleta flashi ndiye mtumishi, suti ameazima. Mimi ni mimi. Kaka ni kaka, tena ni mwongozaji, na neno analoligusa kuliko yote ni "tena". Mama aliombwa aigize mama, akasema atakubali ikiwa atavaa gauni la harusi ya binti wa dada yake, kwa sababu watu wa Mombasa wataona.

Tulirekodi Jumamosi. Binamu alikemea pepo kwa moyo wote, na sauti ikavuka ukuta. Mama mmoja wa nyumba ya pili akaja mbio, kanga begani, akapita katikati ya kamera, akapiga magoti karibu na kiti na kuanza kuitikia amina kwa dhati kabisa, machozi yanamtoka. Hakuna aliyethubutu kumkatiza. Alipoambiwa ni maigizo alikasirika kidogo, akanywa chai, akauliza itatoka lini. Kaka ameamua abaki kwenye video. Anasema ndiye aliyeigiza vizuri kuliko wote, na binamu hajamsemesha mpaka leo.